Kamba ya Mita Sitini

Katika kijiji chetu, juu ya Marangu, tulimwita Mama Mtendaji, na hata leo sina jina jingine la kumwitia. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibao kidogo mezani kwake, lakini kibao hicho alikigeuza kimtazame yeye mwenyewe badala ya wageni. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba wananchi wanamjua vya kutosha. Anayehitaji kukumbushwa yeye ni nani, na ameajiriwa kufanya nini, ni yule anayekaa nyuma ya meza. Nimesoma vitabu vingi vya maadili na nimefundisha vichache. Sikumbuki hata kimoja kilicholisema jambo hilo kwa ufupi namna ile.

Alikuwa mtendaji wa kijiji, yaani serikali katika kimo chake cha chini kabisa, ile inayovaa buti za mpira. Alitoka Singida, mahali ambapo, kwa maneno yake, mtoto hufundishwa kunawa uso kabla ya kufundishwa kusema uongo, maana maji yakipungua uongo utafuata wenyewe. Alipofika kwetu, chemchemi inayoulisha mfongo wetu, ule mfereji waliouchimba babu zetu kwa majembe ya mti, ilikuwa imeanza kukonda. Watu wa juu walipata maji; watu wa chini, kwenye mkia wa mfereji, walipata habari zake. Huko mkiani aliishi Mama Aikande, mjane mwenye ng'ombe mmoja, ambaye kila asubuhi ya kiangazi alipanda na ndoo kichwani, akapita mbele ya geti langu kwenda chemchemini. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Naye aliitika, "Marahaba, Mwalimu," bila ndoo kutikisika. Niliona kwamba wajibu wangu kwake umekamilika.

Kuirudisha chemchemi ile ndiyo kazi aliyojipa Mama Mtendaji. Visa nitakavyosimulia, hata vya kuchekesha, vyote vilizunguka tundu lile la maji.

Hakupenda semina, ingawa aliitwa kwenye nyingi. Alikwenda mjini Moshi, akakaa kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, akarudi na mkoba wenye picha ya kilele cha Kibo bila theluji. Mkoba wa kwanza aliufanya wa kubebea miche. Wa pili, wa kuwekea viatu. Siku moja, kwenye mkutano wa kijiji, kijana mmoja mpandisha watalii alisimama kulalamika kwamba theluji ikiisha na kazi yake itakwisha, na serikali imekaa kimya.

"Kaa kwanza, baba," Mama Mtendaji akamwambia. "Theluji ina wasemaji dunia nzima. Wazungu wanaililia, marubani wanaipiga picha. Chemchemi yetu ina nani?"

Kijana akakaa.

"Ina mimi na Mama Aikande. Na Mama Aikande hana muda wa kuja mkutanoni, yuko njiani na ndoo."

Alikuwa na muhuri aliouhifadhi ndani ya kisanduku cha sabuni, na kwa muhuri huo alitunga sheria yake ndogo ambayo hakuna halmashauri iliyoipitisha: anayetaka barua ya utambulisho, aje kwanza na mche, auonyeshe, kisha akaupande. Mimi, kama mtu anayeheshimu utaratibu, nilikwenda kumweleza kwamba huduma ni haki ya mwananchi na haiwezi kufungwa kwenye shina la mparachichi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umesema kweli, Mwalimu. Haki haina masharti. Kwa hiyo simkatalii mtu. Ninamwomba tu mche wakati natafuta wino."

"Na wino huwa unapatikana lini?"

"Mche ukifika."

Sheria hiyo ilikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa sisi. Kwa majuma kadhaa watu walimiminika ofisini na miche, na ofisi ikatoa barua, na kijiji hakikuongezeka hata kivuli kimoja. Hatimaye Mama Mtendaji akagundua kwamba mche wa parachichi ulioletwa na bwana harusi Jumatatu ulikuwa na jani lililotafunwa na mbuzi upande wa kushoto, na kwamba mche ulioletwa na fundi cherehani Jumatano ulikuwa na mbuzi yuleyule. Akaufunga uzi mwekundu, mahali pasipoonekana kirahisi, akautazama ukizunguka. Watu watano waliuazimana. Mche ule ulitembea kijiji kizima kuliko hata mchungaji.

Hakuwafokea. Aliwaita wote watano siku moja, akawapeleka upande wa chini wa ofisi, akawaambia wachimbe shimo moja. Wakaupanda pamoja, wamiliki watano wa mti mmoja. Tangu siku hiyo hakuna mti uliotunzwa vizuri zaidi Marangu yote, kwa kuwa kila mmoja wao humwagilia akihofia kwamba wenzake watadai matunda kwa hoja ya kumwagilia zaidi. Mimi huutumia mti huo darasani kufundisha maana ya ushirika. Sisemi ulipatikanaje.

Mtu asidhani nampamba. Alikuwa na dosari, na mojawapo niliigundua mwenyewe, kwa furaha ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuikiri. Mama Mtendaji, aliyepiga marufuku uchomaji wa mkaa katika korongo letu, aliyepita jiko kwa jiko akihubiri gesi, alipikia chai yake kwa mkaa. Nilifika nyumbani kwake bila hodi ya kutosha, nikaiona sufuria juu ya jiko la mkaa, makaa yakiwa mekundu kama macho ya mlevi.

"Mama Mtendaji!"

"Chai ya gesi inanuka gesi," alisema, bila hata kusimama.

"Na sheria?"

Alinywa funda moja, akafikiri. Kesho yake asubuhi, kwenye ubao wa matangazo, kati ya tangazo la chanjo ya kuku na orodha ya waliochaguliwa kujiunga na sekondari, palikuwa na barua yenye kumbukumbu namba na muhuri. *Kwa: Mtendaji wa Kijiji. Kutoka: Mtendaji wa Kijiji. Yah: Kupikia mkaa ilhali unawakataza wenzio.* Barua ilimpa onyo la kwanza, ikamwamuru apande miche kumi kandokando ya mfereji, na ikamtaka ajibu kwa maandishi. Jibu lilibandikwa baada ya siku tatu. Alikiri kosa, akaomba radhi, akajilalamikia kwamba lugha ya onyo ilikuwa kali mno.

Kutoka kwenye hilo la barua sina budi kufika kwenye kisa cha jani, maana ndicho kilichompa heshima ambayo muhuri haukumpa.

Mwenye kuijua Kilimanjaro anajua sale. Ni mmea wenye majani marefu kama upanga. Tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu, yaani mashamba ya urithi, na juu ya makaburi yetu. Jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, maana yake ni kwamba umejishusha na unaomba msamaha, naye hawezi kulikataa bila kujivunjia heshima mbele ya walio hai na waliokufa. Mtu wa Singida angeyajulia wapi hayo? Yeye aliona kamba nzuri inayoota bure.

Katika miezi yake ya kwanza, mzee mmoja mpasua mbao alikuwa akiangusha miti ya miringaringa iliyoikinga chemchemi. Alikwishapuuza barua mbili. Siku ya barua ya tatu kulikuwa na ile mvua-ukungu ya Julai, bahasha hakuna. Mama Mtendaji akaizungusha karatasi ndani ya nailoni, akachuma jani la sale kwenye mpaka wa watu, akalifunga fundo zuri, akampelekea mzee pale alipokuwa akisukuma msumeno. Nilikuwapo, nikiwa na watu wengine wawili waliokuja kutazama ugomvi.

Mzee alilitazama jani. Msumeno ukasimama katikati ya gogo.

"Mama, nani amekutuma na hili?"

"Serikali."

"Serikali yenyewe? Au ni wewe tu umejitungia?"

"Serikali yenyewe, mzee wangu. Na inataka jibu leo."

Mzee akavua kofia. Akalipokea jani kwa mikono miwili. "Basi nimesamehe," akasema, na sauti yake ilikuwa na unyevu. "Nimesamehe yote. Hata yale ya malipo ya kahawa."

"Umesamehe nini?" Mama Mtendaji akauliza, lakini mzee alikwishaanza kukusanya zana zake. Hakuigusa tena miringaringa ile. Kwa juma zima kijiji kilizungumza jambo moja: kwamba serikali, baada ya miaka yote hiyo, imeomba msamaha, na imetuma mwanamke wa heshima.

Ni mimi niliyekwenda kumweleza alichokifanya. Nilitarajia aone haya, yeye akachukua daftari.

"Mlikuwa na sheria hii tangu lini?"

"Kabla ya Wajerumani."

"Na mkakaa mnaningoja mimi niwaletee ya kwangu kutoka Dodoma." Akaandika, akapiga mstari chini yake. Halafu akauliza, kwa sauti nyingine, "Na mtu akilituma jani hali hajuti?"

"Huo ni uongo."

"Basi sitalituma tena. Mzee wa watu amesamehe, na aliyemkosea hata hajui."

Alilishika neno lake. Jani hakulituma tena, ingawa lingemrahisishia mengi. Mmea wenyewe, hata hivyo, aliutumia. Vigingi vya saruji vilivyowekwa kuizunguka chemchemi vilikuwa vimeng'olewa ndani ya mwezi; kimoja kilikutwa kikishikilia mlango wa banda la nguruwe. Yeye akapanda masale mahali pa vigingi, kwa duara, mita sitini kutoka kwenye maji kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyeyagusa. Sisi ni watu tunaoweza kuiba jiwe la serikali mchana kweupe, lakini hatung'oi sale.

Duara lile alilipima kwa kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mita kumi, akiivuta mwenyewe kwenye matope, kitenge kimekunjwa hadi magotini. Lilikwenda vizuri hadi lilipofika kwenye kihamba changu. Hapo kamba ilipita safu sita za mikaratusi, ikaishia nyuma ya safu ya mwisho.

Mikaratusi hiyo aliipanda baba yangu. Miche alipewa na Bwana Miti wa enzi zake, akasifiwa mbele ya watu kwa kuikausha tindiga, yaani kinamasi, iliyokuwapo. Nilikulia chini ya sifa hizo. Nilimwambia Mama Mtendaji kwamba siwezi kuitii serikali inayong'oa leo ilichokipanda jana.

"Serikali nayo hukua ikajifunza, Mwalimu," alisema huku akikunja kamba. "Baba yako aliambiwa akaushe tindiga, akakausha. Alikuwa mtu mtiifu. Sasa miti imemaliza tindiga, inakunywa chemchemi. Wewe mtihani wa mwaka huu unausahihisha kwa majibu ya mwaka gani?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo niliandika barua. Kurasa nne. Nilieleza, kwa ushahidi wa kisayansi, kwamba kamba ya katani hunywea inapolowana na hurefuka inapokauka; kwamba kipimo kilifanyika kiangazi; kwamba kamba iliyolowa isingeifikia safu yangu ya sita; na kwamba haki inadai kipimo kirudiwe wakati wa masika. Alijibu kwa barua yenye kumbukumbu namba kwamba amekubali. Masika yakafika. Nikaandika kwamba njia zina utelezi na siwezi kuhatarisha maisha ya mtumishi wa umma. Akajibu, akinishukuru kwa kumjali. Tuliandikiana hivyo miaka mitatu. Nilikuwa nazisoma barua zangu kwa sauti kabla ya kuzituma, na niliziona nzuri. Mama Aikande aliendelea kupita na ndoo.

Mara moja tu Mama Mtendaji alikuja bila karatasi. Alikaa barazani kwangu asubuhi, tukanywa maziwa. Mama Aikande akapita, nikamwamkia, akaitika.

"Amepita mara ya ngapi leo?" Mama Mtendaji akauliza.

"Sijui."

"Ya tatu. Ng'ombe hanywi kwa ndoo moja." Akaweka kikombe chini, akashukuru, akaondoka. Nilimwandikia siku hiyohiyo kwamba ziara yake haikuwa rasmi.

Kisha akahamishwa. Aliyemrithi alikuwa kijana mwenye adabu na simu mbili, asiyependa matope. Alisoma jalada langu, akaona kwamba ni zito, akanitumia ujumbe kwamba shauri limefungwa kwa upande wangu. Nilikuwa nimeshinda. Nilimtangazia mke wangu mezani. Akaniuliza kama nataka mtori zaidi.

Juma lililofuata kijana huyo akaniletea kifurushi. "Mama aliacha maagizo upewe wewe," alisema. Ndani mlikuwa na kamba, imekunjwa vizuri, na barua yake ya mwisho kwangu: *Yah: Makabidhiano ya kamba. Mwalimu, pima mwenyewe, katika majira ya mwaka utakayoyapenda. Matokeo usimpelekee mtu.*

Kamba ile niliitundika stoo karibu mwaka mzima. Kila nilipoingia kuchukua jembe ilikuwa inanitazama. Masika yalipofika, siku ambayo hata kuku walikataa kutoka, nilivaa koti la mvua nikaenda chemchemini. Niliiloweka kamba kwenye maji hadi ikajaa, kama nilivyokuwa nimedai kwa maandishi. Nikaivuta. Ilikuwa kweli: kamba ilikuwa imenywea. Fundo la mwisho lilisimama nyuma ya safu ya tano, na safu ya sita ikabaki nje, huru, kwa hatua moja na nusu.

Nilisimama pale nikiwa sahihi, mvua ikiniingia shingoni. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeitetea safu moja, na nyuma ya safu hiyo moja nilizificha tano.

Niliikata mikaratusi yote, na ile ya sita pia. Chemchemi haikurudi siku ileile kama katika hadithi za watoto. Ilichukua misimu, na haijafika ilipokuwa enzi za babu. Lakini asubuhi moja ya kiangazi nilikaa barazani hadi jua likapanda, na Mama Aikande hakupita.

Mama Mtendaji alikwishastaafu, akajenga Njoro, kule mjini Moshi. Nilikwenda kumtembelea mwaka huu. Nilichuma jani la sale kwenye mpaka wangu, nikalifunga fundo, nikalifunika kwa gazeti ili watu wa mjini wasiniulize. Nilimkuta uani kati ya viriba vya miche, buti zilezile miguuni. Alinikaribisha, akabandika chai. Ilikuwa ya gesi.

"Inanuka gesi," alisema, "lakini nilishapewa onyo."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilisimama, nikaieleza kamba, mvua, safu ya tano na ya sita. Nikataja kiburi cha wasomi na wajibu wa kizazi kwa kizazi. Nikamkabidhi jani kwa mikono miwili. Nilijua hawezi kulikataa. Nadhani nilikwishaanza kujisikia vizuri.

Akalipokea. Akaligeuza, akalitazama fundo.

"Umefunga vizuri, Mwalimu. Ila limekuja kwa anwani isiyo yake."

"Desturi hairuhusu kulikataa, mama."

"Sijalikataa. Ninakuelekeza. Mimi ulinikosea nini? Ulinipa barua nzuri za kusoma miaka mitatu, na mshahara nililipwa. Nani alibeba ndoo?"

Nikakaa chini.

Akavuta bahasha iliyokwisha tumika, akaandika nyuma yake, mikono yake ikatafuta muhuri kwa mazoea, akakumbuka hana, akaweka sahihi tu. Akaikunja, akanirudishia jani na bahasha pamoja. "Hii ni rufaa," akasema. "Usiifungue njiani."

Nami sikuifungua. Alasiri hiyohiyo niliteremka hadi mkiani mwa mfereji, mahali ambapo, ninakiri, sikuwahi kufika kwa miguu yangu tangu nilipoanza kazi. Mfongo ulikuwa unapita pale kwa sauti ndogo. Mama Aikande alikuwa anamkatia ng'ombe majani ya mgomba. Nilimwamkia, akaitika, akanipa kigoda. Nilimkabidhi jani, na nikaona ni vyema kwanza nimweleze historia ya sheria ya vyanzo vya maji, na mchango wa baba yangu, na tabia ya katani katika unyevunyevu. Alinisikiliza akiwa amelishika jani mapajani. Nilipofika kwenye wajibu wa kizazi kwa kizazi, akaiona bahasha.

"Na hiyo karatasi?"

"Imetoka kwa Mama Mtendaji. Ni yako."

"Macho yangu hayaoni maandishi, Mwalimu. Nisomee."

Nikaifungua, nikasoma kwa sauti ya darasani, kwa kuwa sina nyingine: "Mama yangu, mpokee mleta jani huyu, anajuta kweli. Akianza kuhutubia, mpe ndoo."

Mama Aikande alilichomeka jani juu ya mlango wake, taratibu, mahali litakapoonekana. Kisha akaingia jikoni, akatoka na ndoo, akaniwekea miguuni.

"Mfereji uko pale," akasema. "Ng'ombe hajanywa, na hanywi kwa ndoo moja."